Matumbo nyota nne, chenji nyota moja: uzoefu wangu na hoteli moja ya River Road

Nianze na chakula, nisije nikaonekana nina kisirani. Matumbo ya pale yameshinda yote niliyokula huku chini ya mji wa Nairobi. Yameoshwa yakatakata, yamekaangwa na hoho mpaka mchuzi umeshika, na sukuma yao imekatwa nyembamba kama tumbaku. Chapati ni laini hata ikipoa. Mimi nabadilisha vioo vya simu kwenye stoli moja ya Luthuli Avenue, na kwa miaka miwili sasa ikifika saa saba kasorobo nafunga droo ya vifaa, navuka barabara, naenda kula pale. Jina la hoteli naliacha. Ninachotaka kusimulia ni kile kizimba cha keshia mlangoni.

Utaratibu wao uko hivi. Unakula, weita anakuandikia kikaratasi, unakipeleka mwenyewe kwa keshia ukitoka. Keshia amekaa nyuma ya waya, na pesa hupitia kwenye tundu dogo lisilotosha mikono miwili. Nyuma yako kuna foleni ya watu kumi, nusu yao makanga ambao gari zao zinajaa. Hakuna anayetaka kusimama hapo zaidi ya sekunde tano, na kila kitu pale mlangoni kimekaa kana kwamba kinalijua hilo.

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi bili yangu ilikuwa shilingi 230. Sikuwa na pesa ndogo, nilikuwa na noti ya elfu niliyolipwa asubuhi. Nikaipitisha. Dada wa kaunta akaivuta bila kuinua macho, akaitia drooni, kisha akaanza kunirudishia kutokea chini: sarafu ya ndovu, yaani shilingi 20, halafu noti ya 50, halafu ya 200. Akaishia hapo. Mkono wake ulikuwa tayari umepokea kikaratasi cha kijana wa nyuma yangu.

Ukiitazama vizuri hiyo 270 utaona ufundi wake. Ni chenji kamili ya mtu aliyetoa mia tano. Ukiondoka nayo, hesabu yake imekubali. Ukirudi baada ya dakika kumi, wewe ndiwe mwenye kasoro. Na kama mtu hajakazia macho, akishika noti mbili na sarafu mkononi anajisikia amerudishiwa, anasonga.

Mimi sikusonga. "Dada, bado mia tano."

"Umenipa mia tano, siste."

"Nimekupa elfu."

"Mia tano yako hii hapa." Akanionyesha noti ya kijani iliyolala juu kabisa drooni. Ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ya mtu aliyetangulia.

Nyuma watu wakaanza kuguna. Makanga mmoja akaniambia, "Madam, songa kando, tunachelewa." Mzee aliyekuwa wa nne kwenye foleni ndiye pekee aliyenitetea: "Huyu mama ametoa thao, nimeiona. Jirongo na thao hazifanani hata rangi." (Kwa wageni wa mji: thao ni elfu, na jirongo ni noti ya mia tano, jina lililobaki kutoka kwenye siasa za uchaguzi wa 1992.) Mashahidi wa foleni hawana uzito, lakini sauti ya mzee ilitosha kumtoa meneja jikoni.

Meneja hakubishana, na hapo nampa heshima yake. Alikuja na kalamu sikioni, akasikiliza pande zote mbili, akasema, "Mama, saa hii siwezi kufunga droo, unaona watu. Rudi saa tatu usiku nikipiga hesabu. Ikizidi, ni yako."

Sasa niseme kwa nini nilikuwa na uhakika kiasi hicho. Kabla ya vioo vya simu nilikuwa keshia wa supamaketi upande wa Kasarani kwa mwaka mmoja na nusu. Wiki ya kwanza tulifundishwa mambo mawili tu, na supavaiza aliyarudia mpaka tukayaota. La kwanza: ukipokea noti, itaje kwa sauti, "nimepokea elfu moja", mteja asikie na wewe mwenyewe usikie. La pili: noti ya mteja haiingii drooni kabla hajashika chenji yake. Inalala juu ya droo, imekandamizwa, kila mtu anaiona. Ukifanya hayo mawili, ubishi wa elfu na mia tano hauzaliwi kabisa. Kwa hiyo nikikutana na keshia aliyekaa miaka kwenye kaunta na bado anatumbukiza noti drooni kimyakimya, siamini kwamba hajafundishwa.

Saa tatu usiku nilirudi. Si kazi ndogo hiyo. River Road usiku unashika mkoba kwa mikono miwili, na nauli ya kwenda kwangu huwa imeshapanda. Meneja alikuwa amevuta shata nusu. Alihesabu noti kwa kidole kilicholowa mate, akapanga sarafu kwa minara ya kumi kumi, akalinganisha na karatasi ndefu ya mashine. Akarudia. Droo ilikuwa imezidi kwa shilingi 470.

"Hii si mia tano," akasema.

Nikamwambia droo haizai pesa yenyewe. Hiyo thelathini inayopungua ni chapati ambayo haikulipwa, au kuna mtu mmoja leo ambaye dada alimzidishia. Akafikiri kidogo, akanipa noti ya mia tano, akaandika kitu kwenye kitabu chake.

Nilipokuwa nainama kupita chini ya shata, dada wa kaunta aliniambia polepole, bila hasira, "Siste, mwezi jana nilikatwa elfu moja mia nane."

Sentensi hiyo nimetembea nayo. Aliyewahi kukaa nyuma ya mashine anajua shoti ni nini. Unafunga siku, mashine inasema ulipaswa kuwa na kiasi fulani, droo ina pungufu, na pungufu hilo linatoka kwenye mshahara wako. Kwa sehemu si hata kuvunja sheria: kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi aliyekabidhiwa pesa, ikiwa pungufu limetokana na uzembe au udanganyifu wake na mkataba wake unasema wazi kwamba kazi yake ni kushika pesa. Huko nilikokuwa mimi hakuna aliyewahi kuuliza kama ni uzembe. Foleni ndefu, umeme umepotea, mashine imezima katikati ya mauzo, yote yaliitwa shoti na yote yalikatwa. Na droo ikizidi? Ziada ilikuwa ya kampuni. Ndipo wenzangu wawili watatu walipoanza kujiwekea kinga mapema mchana: hapa shilingi kumi, pale hamsini, ili jioni isiwakute wamepungua. Kinga hiyo ilikuwa ikitoka kwa mteja mwenye haraka, mwenye mtoto mgongoni, au anayeongea na simu. Ikibaki baada ya kufunga hesabu, ilikuwa nauli.

Kwa hiyo namwelewa yule dada. Nyota simwongezei, kwa sababu mia tano yangu nayo ilikuwa nauli ya mtu.

Baada ya tukio hilo niliamua kulipa kesh pale kwa miezi miwili mfululizo na kuandika kila chenji kwenye simu. Ujinga kidogo, najua, lakini fundi wa simu amezoea kupima kabla ya kufungua. Ilikosewa mara saba. Mara sita nilipunjwa, mara nyingi kwa shilingi ishirini au hamsini, na mara moja nilizidishiwa mbao, yaani shilingi ishirini, nikairudisha. Mtu anayekosea kwa uchovu hukosea huku na huku. Sita kwa moja si uchovu. Jambo jingine nililoliona: chenji ya kuanzia chini, sarafu kwanza noti kubwa mwisho, ilitokea karibu kila mara ya hizo sita. Siku alizoanza na noti kubwa hesabu ilikuwa sawa.

Supamaketi za mitaani nazo zina yao, ila huko mkono wa keshia hauna kazi kubwa, mashine inamfanyia. Bei ya rafu inasema 189, mashine inasoma 204. Nikiuliza, hurekebishwa bila maneno, "promosheni iliisha jana, hatujatoa karatasi". Nisipouliza, nimelipa. Bidhaa za 99 ndizo zinanichekesha: ile shilingi moja yenye picha ya twiga ipo, ilitoka pamoja na sarafu mpya mwishoni mwa 2018, lakini kwenye droo zao haijawahi kufika. Unapewa peremende, au hupewi chochote na keshia anakutazama kama umeomba figo. Halafu kuna mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 tunanunua ile ya kitambaa, sawa, lakini mara ngapi umekuta kwenye risiti mifuko miwili na wewe umebeba mmoja? Mimi risiti naisoma nikiwa bado kwenye kaunta. Wanaguna, wazoee.

Mtu ataniuliza, si ulipe na M-Pesa tu? Nalipa. Kwenye tili, yaani namba ya malipo ya duka, mteja hakatwi ada, na unaandika 230, inatoka 230, hakuna cha ndovu wala twiga. Ndiyo suluhisho langu la kila siku. Lakini pale hotelini tili "hugoma" siku za mwisho wa mwezi kwa namna ambayo mtandao wa simu yangu haujui. Siku hizo unaambiwa ulipe kesh, au utume kwa namba ya mtu, ambapo ada ya kutuma ni juu yako kiasi kikizidi shilingi mia moja. Na usikubali kamwe ile ya "sina chenji, niachie namba nitakutumia". Nimeacha namba yangu kwenye kaunta tatu tofauti za mji huu. Kutoka moja nilipata salamu za Krismasi.

Kuhusu kushtaki, nimesoma. Kifungu cha 46 cha Katiba kinamlinda mlaji pamoja na mfuko wake, tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na pale Milimani iko korti ya madai madogo tangu 2021, inayosikiliza madai hadi milioni moja. Kwa mia tano sitaenda. Nani atanifungulia stoli siku hiyo? Meneja mwenye kalamu sikioni na kitabu cha hesabu alinifaa zaidi, na ndiye ninayewashauri mumtafute, tena palepale kabla hujavuka mlango. Mwambie saa, kiasi cha bili na noti uliyotoa. Omba hesabu ya droo. Akikataa kuihesabu, hapo umeshajua unadili na nani.

Sasa, nyota. Chakula, nne, ya tano nimeiondoa kwa sababu ya chai, wanaweka sukari wenyewe bila kuuliza. Weita ni wepesi na wana adabu. Meneja nampa nyota nne. Kaunta, moja. Mwenye hoteli hajawahi kuonekana, kwa hiyo simpi kitu, ingawa yeye ndiye anayekata elfu moja mia nane za watu na kuweka keshia nyuma ya tundu la mkono mmoja.

Bado nakula pale. Kwenye mkoba natembea na mia mbili na hamsini zilizokunjwa pamoja kwa ajili ya siku ambazo tili imegoma. Jumanne iligoma. Nilipofika tunduni dada aliinua macho, akaniona ni mimi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Nimepokea mia mbili na hamsini!" Foleni ikacheka. Akaniwekea mbao yangu juu ya kaunta kabla hata hajafungua droo.