Yes bila Jon Anderson: uhakiki wa albamu ya Drama (1980)

Wakutanishe mashabiki wawili wa Yes, bendi ya roki ya Uingereza, na mazungumzo hayatafika mbali kabla Drama haijatajwa. Mmoja atashikilia kwamba bila sauti ya Jon Anderson hakuna Yes, kuna wapiga vyombo hodari waliobaki na jina tu. Wa pili atajibu kwamba albamu hii ndiyo iliyoinyanyua bendi baada ya albamu ya Tormato ya 1978. Wote wawili wanabishana juu ya mwimbaji, na ndiyo maana hawamalizani. Drama ni albamu ya mpiga besi. Ukiisikiliza huku ukimtafuta Anderson utasikia pengo. Mfuate Chris Squire kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa sita, utaisikia Yes yenyewe, tena ikiwa na njaa.

Kwa asiyejua mgogoro ulivyoanza: Anderson na Squire ni miongoni mwa waasisi wa bendi hii, iliyoundwa London mwaka 1968. Mwishoni mwa 1979 walijaribu kurekodi albamu mpya Paris, kazi ikavunjika, na mwaka uliofuata Anderson na mpiga kinanda Rick Wakeman wakaondoka. Wakabaki watatu: Squire kwenye besi, Steve Howe kwenye gitaa na Alan White kwenye ngoma. Nafasi mbili zilizoachwa wazi zikajazwa na Trevor Horn na Geoff Downes, yaani The Buggles, waliokuwa wameshika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1979 kwa wimbo wa pop, Video Killed the Radio Star. Shabiki aliyezoea wimbo wa Yes, Close to the Edge, na dakika zake zaidi ya 18 alikuwa na haki ya kushtuka. Hata hivyo Drama ilitoka Agosti 1980 na kufika nafasi ya 2 Uingereza na ya 18 Marekani.

Sekunde chache za Machine Messiah zinatosha kuonyesha kwamba hawa wageni hawakuja kuilainisha bendi. Howe anafungua kwa gitaa zito, la giza, karibu na muziki wa metali kuliko chochote Yes walichokuwa wamerekodi hadi hapo. Kisha wimbo unafunguka kuwa gitaa la akustika na sauti za kuitikiana, ukarudi tena kwenye uzito. Dakika 10 na sekunde 27, na hakuna sehemu iliyowekwa kujaza muda. Sikiliza kinanda cha Downes: hakimbilii kupiga solo kila penye nafasi. Anajenga ukuta nyuma ya wenzake, kisha anatoka mbele pale tu anapoitwa. Hapo ndipo Tormato ilipofeli. Kinanda na gitaa zilikaa kwenye eneo lile lile la sauti za juu na kugombana, matokeo yake yakawa membamba na yenye makali yasiyopendeza. Kwenye Drama kila chombo kina nyumba yake.

White Car ni dakika moja na ushee ya sintesaiza na sauti ya Horn. Ni daraja, haina zaidi.

Does It Really Happen? ndio wimbo wa kumpa mtu anayeuliza kwa nini besi ya Squire inazungumzwa kiasi hiki. Squire alitumia besi ya Rickenbacker na kuipiga kwa piki, si kwa vidole, ndiyo maana kila noti ina mgongano wa chuma mwanzoni kabla ya uzito kufuata. Besi za kawaida hukaa chini na kusukuma. Hii inaimba katikati, mahali ambapo kwenye bendi nyingine ungelikuta gitaa la pili. Karibu na mwisho wimbo unaonekana umekwisha, halafu vyombo vinarudi na besi inachukua uongozi hadi sauti inapofifia. Wengi huruka kwenda wimbo unaofuata wakidhani umeisha. Usiruke.

Upande wa pili unaanza na Into the Lens, na hapa upande wa wapinzani una hoja. Ni wimbo wa Horn na Downes uliotanuliwa hadi dakika 8 na nusu, na kiitikio chake kinarudiwa mara nyingi kuliko kinavyoweza kubeba. The Buggles wenyewe waliutoa upya ukiwa mfupi kwa jina la I Am a Camera, na kwa ufupi ule unasimama vizuri zaidi kama wimbo. Kinachouokoa huku ni jinsi White na Squire wanavyokata mapigo mwanzoni, wakigonga na kunyamaza pamoja kana kwamba mkono ni mmoja. Run Through the Light nao una jambo la ajabu: besi anapiga Horn, na Squire amehamia kwenye piano. Ni wimbo mzuri wa pili kutoka mwisho, basi. Sikiliza namna sehemu ya chini inavyotulia ghafla na kuwa ya kawaida, utajua ni nani aliyekuwa akiibeba albamu nzima.

Kisha Tempus Fugit. Dakika 5 na sekunde 14 za mbio, besi ikiwa imepitishwa kwenye flanja, kifaa cha kubadili sauti, hadi inasikika kama inazunguka, gitaa la Howe likikatiza juu yake, na jina la bendi likitamkwa kupitia vokoda, kifaa kinachoifanya sauti ya mtu isikike kama ya mashine. Kama kuna wimbo mmoja wa kumaliza ubishi wa nani ni Yes, ni huu, kwa sababu nusu ya kazi yake inafanyika bila mwimbaji kufungua kinywa.

Sasa Horn. Studioni anafaa, tena anafaa sana. Sauti yake inaingiliana na ya Squire vizuri mno kwenye kuitikia, na tangu mwanzo mwitikio wa Squire ulikuwa nusu ya kile watu wanachokiita sauti ya Anderson. Tatizo lilikuja jukwaani. Nyimbo za zamani zilitungwa kwa koo la Anderson, linalokaa juu kwa raha usiku baada ya usiku, na Horn alilazimika kulifukuzia. Wanaomhukumu kwa rekodi za ziara ya 1980 wanamhukumu kwa nyimbo ambazo hazikuwa zake, kwa kimo ambacho hakikuwa chake. Haki ni kumpima kwa hizi sita.

Anayetaka kuinunua kwa santuri aangalie jambo moja. Kila upande una dakika 18 na sekunde 20 na kitu, muda mzuri kwa santuri ya mizunguko 33 na theluthi, kwa hiyo mifereji haikubanwa na besi imeachiwa nafasi. Ila Tempus Fugit, wimbo wenye kasi na sauti kali kuliko yote, umeangukia ndani kabisa karibu na lebo. Pembeni mwa santuri mfereji hupita chini ya sindano kwa zaidi ya sentimita 50 kwa sekunde. Ndani kabisa hushuka hadi kama 21. Habari ile ile ya sauti inasongamana kwenye sehemu fupi zaidi, na sindano ya ncha ya duara haiwezi kufuata mikunjo midogo. Utasikia matoazi yakipasuka na herufi "s" zikitema mate. Kabla ya kuilaumu santuri, hakikisha pembe ya kichwa cha sindano kwa kipimo cha karatasi, hasa kwenye nukta ya ndani ya kipimo hicho, kisha weka uzito wa sindano karibu na kiwango cha juu anachoruhusu mtengenezaji. Ncha ya duaradufu huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Sindano iliyochakaa haitaondoa chochote, na itauharibu mfereji moja kwa moja.

Spika za simu zisahau. Uzi wa chini kabisa wa besi hutoa hertzi 41, na spika ndogo haifiki huko. Squire bado utamsikia kwa sababu ya ile sauti yake ya katikati, lakini ngoma kubwa ya White itatoweka na Machine Messiah itabaki mifupa.

Kwenye CD, chukua toleo la 2004. Lina vipande vya Paris, Anderson na Wakeman wakiwemo, ukiwemo Dancing Through the Light, uliozaa Run Through the Light. Ukivisikia utaelewa kwa nini kazi ile ilivunjika: ni vyepesi, havina mwelekeo. Vyenye thamani zaidi ni viwili visivyo na uimbaji, Have We Really Got to Go Through This na Song No. 4 (Satellite), ambavyo Squire, Howe na White walivirekodi wakiwa watatu tu. Hakuna mwimbaji, hakuna kinanda, na bado hakuna atakayeuliza ni bendi gani.

Na kwa wanaotaka kuupima ubishi wenyewe kwa masikio, kipimo kipo. Wimbo uliopigwa kwenye ziara ya 1980 bila kuingia kwenye albamu ulikuzwa baadaye kuwa Fly from Here, mfululizo wa karibu dakika 24 uliotoka 2011, Horn akiwa prodyuza na Benoît David akiimba. Mwaka 2018 ukatoka tena kwa jina Fly from Here – Return Trip, safari hii Horn akiimba mwenyewe. Muziki ni ule ule kwa sehemu kubwa, koo ni mbili. Zicheze mfululizo kwa kiwango kimoja cha sauti, kisha mwulize aliye karibu nawe ni ipi kati ya hizo isiyo Yes.