Programu ya MIDI ya Kutungia na Kupigia Muziki: Ipi Ununue Kwanza

MIDI, yaani lugha ambayo vinanda na kompyuta huwasiliana kwayo, haibebi sauti. Kinachopita kwenye waya wake ni maagizo tu: noti ipi imebonyezwa, imebonyezwa kwa nguvu kiasi gani kwenye kipimo kinachoishia 127, na imeachiwa lini. Ndivyo mambo yalivyo tangu Januari 1983, pale vinanda vya makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana sokoni, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, vilipounganishwa mbele ya watu kwenye NAMM, maonyesho ya biashara ya ala za muziki nchini Marekani, na kimoja kikapigwa kupitia kingine. Kwa hiyo anayenunua programu ya MIDI ananunua kwanza mahali pa kuyapokea, kuyarekebisha na kuyarusha maagizo hayo. Nalisema hili mapema kwa sababu wanunuzi wengi huvutwa na ukubwa wa maktaba ya sauti, ilhali sauti huongezwa wakati wowote kwa plagini, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya ile kubwa, lakini namna programu inavyoishughulikia noti utaishi nayo kila siku.

Katika kupanga nafasi nimetazama zaidi jinsi noti iliyopigwa vibaya inavyorekebishwa haraka kabla wazo halijapoa, na jinsi programu inavyohimili kupigwa mubashara. Nimetazama pia kama inakumbuka ulichopiga kabla hujabonyeza kitufe cha kurekodi. Jambo hili la mwisho laonekana dogo kwa asiyetunga, lakini melodi nzuri kuliko zote huja mara nyingi wakati mtu anajaribu tu vidole, na nimewahi kukaa usiku kucha nikiutafuta mstari wa besi ambao sikuupata tena.

Nafasi ya kwanza naipa Ableton Live. Programu hii ya Berlin ilitoka mwaka 2001 ikiwa ya kuchezea sauti zilizorekodiwa, na MIDI ikaingia katika toleo la 4, mwaka 2004. Sehemu yake ya pekee ni gridi ya klipu, ambamo kila kisanduku kina kipande kifupi cha muziki, na ukikibonyeza hakianzi papo hapo bali husubiri mwanzo wa bari, yaani fungu linalofuata la mapigo, hivyo huwezi kutoka nje ya mdundo hata mkono ukiwahi. Mtunzi huweka besi kwenye kisanduku kimoja, kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kwenye kingine, ngoma tatu tofauti chini yake, kisha huzijaribu pamoja bila kuamua mapema wimbo utaanzia wapi wala kuishia wapi. Gridi hiyohiyo hupanda nayo jukwaani, ambapo safu nzima huwashwa kwa kitufe kimoja mwimbaji anapotaka kuingia kibwagizo. Programu hii pia ina kitufe cha kunasa noti ulizopiga bila kurekodi, na yenyewe hukisia kasi uliyokuwa ukipigia. Upungufu wake ni kwamba haionyeshi nota za karatasi, na toleo lake kubwa, Suite, ni ghali mno kwa anayeanza. Toleo la Intro linatosha kuanzia, ingawa idadi ya traki zake, yaani njia za kurekodia kila ala peke yake, ina kikomo.

Mwenye Mac na asiyetarajia kuhama ana sababu nzuri ya kuchukua Logic Pro badala yake, kwani Apple, iliyoinunua kampuni ya Emagic mwaka 2002, huiuza ikiwa kamili, bila matoleo madogo na makubwa. Inaonyesha nota, ina ala nyingi, na kazi iliyoanzwa kwenye GarageBand, ambayo ni ya bure, hufunguka ndani yake bila shida. Kwa jukwaani ipo programu mwenzake, MainStage, inayompa mpiga kinanda nafasi ya kupanga sauti za kila wimbo na kugawa kinanda, mkono wa kushoto ukapiga besi na wa kulia piano. Kwa mtumiaji wa Windows haifai kabisa, kwa kuwa haifanyi kazi huko.

FL Studio naiweka ya tatu, nikijua kuwa wapo watakaonipinga, na hoja yao ni nzito. Tangu ilipoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops imewalea watayarishaji wengi wa muziki, na kwa kuchora noti kwa kipanya sijaona piano roli, yaani ubao wa kuchorea noti kwenye skrini, inayoizidi ya kwake. Leseni ikinunuliwa mara moja, masasisho yote ya baadaye ni bure. Kilichoishusha ni kwamba imejengwa kwa ajili ya kuchora zaidi ya kupiga, na toleo lake dogo, Fruity, halirekodi sauti ya kipaza sauti, jambo ambalo anayetaka kuimba juu ya mdundo wake analigundua akiwa ameshalipa.

Cubase, iliyozaliwa mwaka 1989 kwenye kompyuta ya Atari ST, ni ya anayeandikia okestra. Humo unaweza kuiambia programu kwamba noti hizi za violini zipigwe kwa upinde na zile zinazofuata zidonolewe kwa kidole, na maelekezo hayo yakakaa pamoja na noti zenyewe badala ya kutawanyika kwenye traki tano. Ni kazi ya uangalifu inayolipa, lakini menyu zake ni nyingi na jukwaani si kwake.

REAPER hujaribiwa kwa siku 60 bila kufungiwa chochote na leseni yake ni nafuu kuliko za Live, Logic, FL Studio na Cubase, ila haina ala za maana ndani yake, hivyo utalazimika kuzitafuta mwenyewe. Anayetumia Linux aitazame Bitwig Studio, yenye gridi ya klipu inayokaribiana na ya Live.

Yoyote utakayoichagua, kuna jambo litakaloharibu raha yake usipoliangalia, nalo ni kuchelewa kwa sauti baada ya kubonyeza. Chanzo kikubwa ni bafa, yaani akiba ya vipande vidogo vya sauti (sampuli) ambavyo kompyuta huvikusanya kabla ya kuvitoa. Bafa ya sampuli 1,024, sauti ikiwa kwenye sampuli 44,100 kwa sekunde, huongeza takribani milisekunde 23, na vidole huhisi. Ishushe hadi 128 na kuchelewa huko kunakuwa kama milisekunde 3. Kwenye Windows hilo hudai draiva ya ASIO, yaani programu ya kuiunganisha kadi ya sauti na kompyuta kwa haraka, na kompyuta dhaifu huanza kukwaruza sauti bafa inaposhuka, kwa hiyo toleo la majaribio lijaribiwe kwenye mashine ileile utakayoitumia, huku ala nzito mbili au tatu zikilia pamoja. Na kabla hujalipa chochote, fungua sanduku la kibodi yako ya MIDI, kwa sababu nyingi huuzwa pamoja na leseni ya Live Lite, ambayo watu huitupa na karatasi za maelekezo.