Lubumbashi hadi Livingstone kwa Buffalo: uzoefu wangu na baiskeli ya chuma ya gia moja

Kama unapanga kutoka Lubumbashi peke yako kwa baiskeli, uvuke mpaka wa Kongo na Zambia pale Kasumbalesa na uteremke Zambia yote hadi maporomoko ya Victoria, na unajiuliza ununue baiskeli gani, jibu langu ni Buffalo. Mimi nimefika nayo Livingstone, karibu kilomita 1,000, wakati wa likizo yangu ya kiangazi. Naandika kwa sababu kabla ya kuondoka nilitafuta maelezo ya mtu wa kwetu na sikuyapata. Wengi walioandika kuhusu safari za namna hii ni wageni wenye baiskeli za maelfu ya dola, na ushauri wao haunisaidii mimi ninayenunua vipuri sokoni.

Buffalo ni ya World Bicycle Relief, shirika lililoanza mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. Ilibuniwa kwa ajili ya wanafunzi, wahudumu wa afya na wakulima wa vijijini, na Zambia ni mojawapo ya nchi inakounganishwa na kuuzwa. Yangu ilinunuliwa Kitwe na shemeji yangu. Fremu ni ya chuma kinene, karia ya nyuma inabeba hadi kilo 100, tairi ni nene, na breki iko ndani ya haba, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma: unakanyaga pedali kinyume, inashika. Haina waya wa breki wala cha kurekebisha gia. Kuna toleo jipya la spidi mbili linalotumia minyororo miwili, lakini sijaliendesha, kwa hiyo siwezi kulisemea.

Watu wengi wakisikia gia moja na uzito wa zaidi ya kilo 20 wanakata tamaa. Mimi naona wanapima kitu ambacho si cha kupimwa. Ukisafiri peke yako, swali kubwa si spidi. Swali ni hili: kikivunjika kitu saa tisa alasiri, kilomita 40 kutoka mji wowote, nani atakitengeneza? Kwa baiskeli hii jibu ni mtu wa kwanza utakayemkuta chini ya mwembe akiwa na spana na beseni la maji. Hofu ya mama yangu iliisha nilipomwambia hivyo, na yeye ndiye aliyekuwa akinizuia.

Mzigo nilifundishwa kuufunga na kijana anayeleta makala (makaa) mjini kila siku. Aliponiona naweka begi langu la mgongoni juu ya karia alicheka, akasema, "Yaya, kinga itakuangusha." (Kwetu yaya ni mkubwa wako, kinga ni baiskeli.) Akaukalisha mzigo upya: hema na vyakula chini kabisa, pande zote mbili, ndani ya magunia mawili yaliyoshonwa pamoja, blanketi juu, kisha akazungusha kamba za mpira zilizokatwa kutoka mipira ya ndani ya zamani, akivuta kila mzunguko kwa uzito wa mwili wake mpaka mpira ukaanza kulia. Kamba ya kawaida hulegea baiskeli ikitikisika. Mpira hufuata mtikisiko na kurudi. Sikuifungua njiani ila wakati wa kulala, na haikuteleza hata kwenye mashimo.

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 90 na, kusema kweli, ndicho kipande kigumu kuliko vyote. Malori ya shaba na kobalti hayaishi. Ondoka alfajiri, vaa kitu cha rangi kali, na ukisikia malori mawili yanakaribiana, moja mbele na moja nyuma, shuka kwenye changarawe bila kujadiliana na mtu. Tairi za Buffalo zinakubali changarawe, na hapo ndipo nilipoanza kuipenda. Mpakani beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wataiomba. Pia beba risiti ya baiskeli.

Ukishavuka, unaendesha kushoto. Kwa mwenye gari ni suala la dakika chache, lakini mwendesha baiskeli anatumia shingo yake: sisi tumezoea kuangalia nyuma kwa bega la kushoto, Zambia ni la kulia. Kabla ya kuondoka nilifunga kioo cha pikipiki upande wa kulia wa usukani. Usukani wa Buffalo ni wa bomba la kawaida, kwa hiyo klempu ya pikipiki inakaa vizuri. Kifaa hicho kidogo ningekiweka mbele hata ya taa.

Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola: eneo hili lote ni kama ndugu wa mji wetu. Watu wanakula bukari (ugali), wanakunywa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, kikanda, chakula cha viazi vya okidi, kinauzwa kando ya barabara, na Kibemba kidogo cha Lubumbashi kinakufikisha mbali. Nikisema "mwashibukeni mukwai", yaani habari za asubuhi, nilikuwa napewa maji kabla sijaomba. Kati ya Kitwe na Ndola nilitoka kwenye lami, nikafuata njia ya vumbi hadi mahali ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Alikuwa anakuja kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo, kuhusu vita vya huko. Kwetu, wakati ule Elisabethville, wazee bado wanaisimulia habari hiyo kana kwamba ni ya jana. Mtu wa Lubumbashi apitaye hapo kwa baiskeli asipite tu. Nilikaa kwenye kivuli cha misonobari ya pale kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Sasa pancha. Kusini mwa Ndola, kabla ya Kapiri Mposhi, waya mwembamba wa tairi la lori ulipenya tairi la nyuma. Waya hizi ndizo adui mkubwa wa barabara hii, na hakuna tairi linalozizuia zote. Nilisukuma kidogo tu, nikamkuta mzee mwenye pampu iliyoning'inia mtini. Hakuuliza ni baiskeli ya aina gani. Aliigeuza juu chini, akafungua nati kwa spana yake mwenyewe, akapitisha kidole polepole ndani ya tairi mpaka akaupata waya, akauvuta kwa meno ya koleo. Kiraka, gundi, tukapiga gumzo kidogo kuhusu bei ya mahindi, nikaondoka. Baiskeli ya kisasa ya breki za mafuta ingefikaje mikononi mwa mzee huyo?

(Wasomaji wa Tanzania: Kapiri ndipo inapoishia reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Kama treni ya abiria inafanya kazi wakati wako, anzieni hapo.)

Vilima vipo, hasa Munali baada ya mji wa Kafue. Gia moja maana yake ni kushuka na kusukuma. Kusukuma si aibu, wabeba makala wanasukuma kila siku. Wakati wa kuteremka, usiikanyage breki mfululizo, haba inapata moto. Kanyaga, achia, kanyaga tena. Mvua haiigusi breki hii kwa kuwa yote imefungwa ndani. Siti niliifunika kwa ngozi ya kondoo tangu siku ya kwanza, na ningemshauri kila mtu afanye hivyo kwa baiskeli yoyote.

Mwendo wangu ulikuwa kati ya kilomita 60 na 80 kwa siku. Baada ya daraja la Kafue malori mengi hupinda kwenda Chirundu, mpakani na Zimbabwe, ingawa tangu daraja la Kazungula la kwenda Botswana lilipofunguliwa mwaka 2021 mengine hushika njia ya Livingstone. Hata hivyo, kuanzia Mazabuka kwenye mashamba ya miwa hadi Monze, Choma na Kalomo, unaweza kusikia mnyororo wako. Asubuhi za Juni na Julai ni baridi kali, na upepo wa kusini-mashariki unakupiga ubavuni, kwa hiyo piga kilomita zako mapema.

Kulala: nyumba za wageni mijini, hema kwenye uwanja wa shule au kanisa vijijini, baada ya kuomba ruhusa kwa mkuu wa kijiji. Sikunyimwa kamwe. Mwenye nyumba ya wageni mmoja tu alikataa baiskeli isiingie chumbani, ikalala jikoni kwa mpishi.

Kurudi nilipanda basi hadi Kitwe. Legeza usukani uugeuze ulale sambamba na fremu, toa pedali, elewana bei ya mzigo na kondakta kabla hujakata tiketi. Pale Kasumbalesa, upande wetu, afisa wa forodha aliiomba ile risiti, akaisoma, akaniruhusu kupita.