Larix na OBS kwa mechi za mtaani: SRT imetuvusha

Tangu tuhamie SRT, njia ya kusafirisha video mtandaoni, mechi za vijana tunazorusha hapa Tanga zinaonekana mpaka kipenga cha mwisho, na sehemu kubwa ya sifa naipa Larix Broadcaster. Ni programu ya simu ya kampuni ya Softvelum. Inachukua picha ya kamera ya simu na kuituma mtandaoni kwa njia unayotaka, RTMP ya zamani au SRT. Sisi tunasimamisha simu tatu za Android uwanjani, zote zinaleta picha kwenye laptopu moja yenye OBS Studio, programu ya kuchanganya picha za kamera na kurusha matangazo, na kutoka hapo inaenda YouTube. OBS ni ya bure kabisa, na kwa kazi hii sijaona sababu ya kununua nyingine.

Tofauti ya SRT na RTMP utaiona siku mtandao unapoyumba. RTMP inapita juu ya TCP, utaratibu wa mtandao unaotaka kila kitu kifike kwa mpangilio, na huko pakiti moja (kipande kidogo cha data) ikipotea, zote za nyuma yake zinaisubiri. Picha inaganda. SRT, iliyotengenezwa na Haivision na kufunguliwa kwa kila mtu mwaka 2017, inapita juu ya UDP, utaratibu usiosubiri. Inaomba upya ile pakiti iliyopotea tu, ndani ya muda uliouweka wewe, na muda ukipita inaachana nayo na kusonga mbele. Mtazamaji ataona vimiraba kidogo lakini mpira unaendelea kutembea. Watu wanavumilia picha ikichafuka kati ya uwanja. Ikiganda mshambuliaji akiwa ana kwa ana na kipa, wanaondoka na hawarudi.

Kuziunganisha si kazi ngumu, ila kuna mahali pa kuwa macho. Kwenye OBS ongeza chanzo cha midia, ondoa tiki ya faili la ndani, andika srt://0.0.0.0:9001?mode=listener, na kwenye nafasi ya fomati weka mpegts. Hiyo 9001 ni porti, yaani mlango wa simu ya kwanza; simu ya pili ipe 9002, ya tatu 9003. Kwenye Larix weka anwani ya IP ya laptopu na porti hiyohiyo. Sasa angalia ucheleweshaji, yaani ule muda wa kusubiri pakiti iliyopotea: Larix inauhesabu kwa milisekunde, OBS kwa maikrosekunde. Ukitaka nusu sekunde, kwenye simu andika 500, kwenye OBS ongeza &latency=500000. Pande mbili zisipolingana, SRT inafuata iliyo kubwa. Wengi wanaacha milisekunde 120 za kawaida halafu wanailaumu programu. Kwa waifai ya uwanjani hiyo ni ndogo mno, haitoi nafasi ya pakiti kuombwa na kufika tena.

Ucheleweshaji huo una gharama yake. Maiki ya mtangazaji wetu imechomekwa moja kwa moja kwenye laptopu, kwa hiyo sauti inatangulia picha: unasikia “goooli!” mpira ungali mguuni. Dawa iko ndani ya OBS, kwenye mipangilio ya juu ya sauti. Chelewesha maiki kwa milisekunde zinazokaribia zile za SRT, kisha mtu apige makofi mbele ya kamera huku ukirekebisha mpaka mikono na mlio vikutane. Fanya hivyo kabla timu hazijaingia.

NDI, njia nyingine ya kupitisha video ndani ya mtandao wa hapohapo, nayo tumeitumia, na picha yake ni safi kuliko ya SRT. Lakini NDI kamili ya 1080 kwa fremu 60 inakula zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde kwa kamera moja, kwa hiyo inataka kebo na swichi (kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao) ya gigabiti. Duka moja la Kariakoo lilimuuzia mwenzetu swichi iliyoandikwa gigabiti kwenye boksi, na kila mlango ukasoma megabiti 100 tu. Hawakukubali kuirudisha. Hela ile ilichangwa na wachezaji wenyewe, na mpaka leo inaniuma. Ukinunua swichi, ichomeke palepale dukani uone laptopu inasoma kasi gani. Halafu kebo ya mtandao ya Cat6 mwisho wake ni mita 100, na uwanja unaruhusiwa kufika mita 120 kwa urefu, kwa hiyo kamera ya goli la mbali itataka swichi nyingine njiani na umeme wake. Ukumbini, kwa ngumi au kikapu, ningechukua NDI bila kusita. Uwanja wa wazi, hapana.

Ruta yetu tumeizima 2.4 GHz. Watu wakijaa na hotspoti zao, masafa yale yanageuka soko la asubuhi. Tunatumia 5 GHz, ruta ikiwa juu ya nguzo upande wa mabenchi.

Larix yenyewe ina kasoro. Toleo la bure lina mipaka, ukitaka kufanya kazi ya maana utalipia. Pia simu inachemka sana kwenye jua la saa tisa alasiri. Tumeshuka mpaka picha ya 720, fremu 30, megabiti 3 kwa kila simu, na kila moja ina kivuli cha boksi juu yake. Na OBS kwa upande wake hainionyeshi pakiti ngapi zimepotea kwa kila chanzo. Larix inaonyesha takwimu zake kwenye skrini ya simu, lakini simu iko nyuma ya goli nami niko mezani, kwa hiyo kila kamera lazima iwe na kijana wa kunipigia kelele namba zikianza kupanda.