Abakasi ya vijiti kutoka Majengo: shanga tisa tu kwa kila kijiti

Walimu wenzangu wa madarasa ya chini, hasa mlioko Dodoma mjini, Bahi na Chamwino, hii ni ya kwenu. Kwenye maduka ya vifaa vya shule jirani na soko la Majengo kuna abakasi, yaani vifaa vya kuhesabia kwa shanga, za aina mbili: ya fremu, yenye mistari kumi ya shanga kumikumi, na ya kibao chenye vijiti vinne vilivyosimama, vya maelfu, mamia, makumi na mamoja. Mimi nilinunua ya vijiti, Sh 15,000 baada ya kupatana. Naitumia na darasa la tatu, na nimeipenda kwa jambo moja kubwa: kila kijiti kinaingia shanga tisa tu.

Ya kumi haina pa kukaa. Mtoto anajumlisha 38 na 5, anaongeza shanga moja kwenye mamoja, kijiti kinajaa, inayofuata inabaki mkononi. Anakutazama. Hapo usimwambie kitu, subiri. Mwenzake atasema, "Zitoe zote, weka moja kwa makumi," kisha watamalizia tatu zilizobaki. Maelezo ya ubaoni peke yake hayafiki hapo.

Na sifuri je? Ukiwatajia "mia nne na tano" waandike, wengi wanaandika 4005: mia nne kwanza, halafu tano inafuata. Kalamu nyekundu haiondoi kosa hilo. Wakishaona kijiti cha makumi kiko kitupu katikati, wenyewe wanajua pale panakaa nini.

Kasoro zipo. Muuzaji alinisisitizia seti ya rangi nne: "Mwalimu, chukua hii, watoto wanapenda rangi." Nilimwambia hapana, kaka, nipe za rangi moja, akanichagulia kwenye mfuko wa shanga za akiba. Kila kijiti kikiwa na rangi yake, mtoto anashika kwamba nyekundu ndiyo kumi, wakati thamani inatokana na nafasi. Simamieni hapo hapo dukani. Maandishi kwenye kibao nayo ni herufi za Kiingereza; nimebandika karatasi zangu kwa selotepu: maelfu, mamia, makumi, mamoja.

Kasoro iliyonisumbua zaidi iko kwenye kutoa kwa kukopa. Chukua 402 kutoa 157. Mamoja hayatoshi, makumi hakuna, unakopa kwenye mamia. Mia moja ni makumi kumi, na kijiti hakiyapokei. Inabidi kumi moja libaki mkononi, tisa ziingie kijitini, kisha lile la mkononi livunjwe kuwa mamoja kumi, utoe saba humo humo mkononi, tatu zilizobaki ziungane na zile mbili. Jibu 245 linapatikana, na mtoto mwepesi anafurahia kweli, ila anayesuasua anapotea njiani. Kwa somo hilo mimi narudi kwenye vijiti vya kawaida vya kuhesabia, vilivyofungwa mafungu kwa mpira.

Wapo wanaosema tufinyange wenyewe kwa udongo na spoku za baiskeli. Nimewahi kutumia za hivyo, kiangazi cha huku kinazipasua, na vizibo vya soda vilivyotobolewa kwa msumari vinakata vidole. Kibao hiki ni cha mbao nzito, hakiyumbi dawati likisukumwa. Darasa likiwa kubwa, wa nyuma hawaoni, kwa hiyo mbili au tatu kwa vikundi ndiyo kiasi.

Wa darasa la kwanza nunueni ya fremu. Kwa kuhesabu hadi 100 inatosha kabisa. Kuanzia la pili, ya vijiti. Tikisa kila kijiti kabla ya kulipa, kinacholegea kitiwe gundi palepale. Nimeulizia pia yenye vijiti virefu vya kuingia shanga ishirini, kwa ajili ya kukopa. Fundi wao yuko tayari kutengeneza, anachotaka ni oda ya kuanzia kumi, kwa hiyo kama shule yako inahitaji, tuungane tuagize pamoja.