Maktaba ya chuo chetu: nyota tatu na nusu

"Uhuru wa nani, mwanangu? Wa nchi au wa mtu?"

"Wa mtu, mama."

"Basi umepotea ghorofa."

Hiyo nusu nyota ni ya huyu mama mkutubi wa zamu ya jioni, na laiti ningeweza kumpa yeye peke yake, ningempa zote tano.

Niko mwaka wa tatu, ustawi wa jamii. Utafiti wangu unahusu uhuru wa mtu kujiamulia mambo yake, hasa binti anapofika umri wa kuposwa. Siku mbili nilizimalizia kwenye kompyuta za kutafutia vitabu pale mlangoni. Ziko nne, zinazowaka mbili. Ukiandika "uhuru" zinakuletea 1961 na TANU. Nikajaribu kwa Kiingereza, "autonomy", nikaletewa Zanzibar na serikali za mitaa. Mtu mwenyewe, mwenye mwili na akili zake, hakuwemo.

Mama alinifungua macho: mada yangu haina rafu yake. Kwa namba za Dewey, zile za kupangia vitabu rafuni kwa mada, hiari ya binadamu iko 123, ridhaa ya mgonjwa 174.2, haki za raia 323, mambo ya ndoa 346. Lazima upande na kushuka ngazi. Hakuishia kunielekeza kwa kidole, alinipeleka mpaka kwenye rafu za sheria huku akilalamikia goti lake, akanitolea Sheria ya Ndoa ya 1971. Vifungu vya 13 na 17 nilikuwa nikivisikia redioni tu: binti kuolewa na miaka 15 wazazi wakiridhia, wakati mwanamume anasubiri 18. Hukumu ya kesi ya Rebeca Gyumi, aliyevipinga vifungu hivyo akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na serikali ilipokata rufaa ikashindwa tena Oktoba 2019, haikuwepo rafuni. Lakini ipo bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, na intaneti ya maktaba usiku inakimbia. Niliipakua kabla sijamaliza kufungua daftari.

Sasa kinachoniudhi. Vitabu vinavyogombewa vimefungiwa nyuma ya kaunta. Unajaza karatasi, unasubiri, unaletewa alichokiona mwingine, na baada ya saa mbili unakirudisha. Niliomba kitabu cha maadili ya utabibu nikaletewa toleo la zamani lililokatika jalada. Nilipouliza kama naweza kuingia kuangalia mwenyewe, kaka wa kaunta alinitazama kama nimeomba funguo za nyumba yake. Yaani nasoma habari za kujiamulia, na kitabu nachaguliwa!

Begi unaliacha nje, unapewa kibati chenye namba. Kipoteze uone. Soketi zinazofanya kazi ziko upande wa dirishani, na wanaoziwahi saa mbili asubuhi hawanyanyuki mpaka adhana ya adhuhuri. Feni sizisemi.

Ukija, njoo baada ya saa kumi na moja jioni, muulize mama kabla ya kugusa kompyuta, na umwambie mada yako kwa Kiswahili cha kawaida, si kwa kichwa cha pendekezo la utafiti. Ukimsomea kile kichwa kirefu atakucheka, mimi alinicheka.

Halafu nenda 323 ukamtafute mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, kile kitabu chake cha 1859 kuhusu uhuru, On Liberty. Nakala ni moja. Pale anaposema kwamba mtu ndiye mtawala wa mwili wake na akili yake, kuna mwanafunzi ameandika pembeni kwa penseli: "Na mahari?" Chini yake mwingine akajibu kwa wino: "Muulize mjomba." Najua kuchora vitabu ni kosa. Nilikirudisha jana, kifutio nilikuwa nacho, nikawaacha waendelee kubishana.