TAHADHARI: Feni za mnara "baridi kama AC" zinazouzwa kwa picha hapa Mombasa

Ndugu zangu wa Mombasa, joto la kaskazi limeshakaza na wauza feni wa mtandaoni nao wameamka. Andiko hili ni la yeyote anayetafuta feni ya mnara, zile ndefu nyembamba za kusimama pembeni mwa chumba, na ambaye ameshaona tangazo la "futi nne, baridi kama AC, lipa ukipokea". Kuna muuzaji, au kundi la wauzaji, wanaokula pesa za watu kwa tangazo hilo. Siwataji jina kwa sababu jina lao halikusaidii kitu: ukurasa ukianza kulalamikiwa unafutwa, unafunguliwa mwingine, na picha ni zile zile. Kinachobaki vile vile ni mbinu yao na vitu wanavyoleta, na hivyo navijua, maana mimi ni fundi wa vifaa vya umeme. Watu wakishaliwa ndipo wananiletea mzigo wenyewe wakitumaini ni hitilafu ya kutengenezeka.

Mchezo unaendeshwa hivi. Tangazo lina video safi: pazia linapepea, mtoto amelala fofofo. Bei iko chini ya ile ya dukani kiasi cha kukuvuta, lakini haiko chini mno kiasi cha kukutia shaka. Ukiuliza duka liko wapi unatajiwa Mwembe Tayari au Biashara Street, jengo lisilotajwa, ghorofa isiyotajwa. Ukisema unakuja mwenyewe kuitazama, siku hiyo duka limefungwa wanahesabu mali, na bahati nzuri kuna bodaboda anayekuja upande wenu. Basi unakubali. Baada ya muda simu inalia: "Dadangu, mzigo umeshafika Makupa, lipa sasa nimwachilie, ana mizigo mingine ya kupeleka." Lile neno la kulipa ukipokea limeshageuka kuwa lipa ndipo upokee. Namba unayopewa ni ya simu ya mtu binafsi, na jina linalotokea halifanani na la ukurasa wala la huyo unayezungumza naye. Ukiuliza, ni "mhasibu wetu".

Wanaong'ang'ania kulipa mlangoni nao wana shimo lao. Bodaboda ameagizwa boksi lisifunguliwe kabla pesa hazijaingia. Hapa naomba tuwe waungwana: mara nyingi kijana yule amekodiwa barabarani tu, amekabidhiwa boksi lililokwisha kufungwa kwa gundi, na naye anadai nauli yake. Msimpige, msimwitie watu. Mwambie kwa utulivu boksi lisilofunguliwa halilipiwi, arudi nalo. Muuzaji wa kweli hana sababu ya kukataza feni isichomekwe mbele ya mnunuzi.

Sasa, ndani ya maboksi hayo nimekuta vitu vya namna tatu.

Cha kwanza ni kifeni cha USB, kimo chake hakifiki goti, kimepigwa picha kwa karibu mpaka kikaonekana mnara. Kinatumia volti 5, na kwa chaja za kawaida za simu hizo ni wati 10 hivi. Kinafaa mezani, usoni kwa mtu mmoja. Chumba hakikioni.

Cha pili kina ganda refu kweli, karibu mita moja, na wavu umechorwa kutoka juu hadi chini. Lakini feni ya mnara haitoi upepo kwa ganda. Ndani yake kuna pipa jembamba la mapanga madogo madogo lililosimama wima, mota iko chini, na upepo unatoka kwa kimo cha lile pipa tu. Nilipofungua moja ya hizo, pipa lilikuwa na urefu wa shibiri moja na kidole. Sehemu yote ya juu ilikuwa plastiki tupu, wavu wa pambo. Ndiyo maana mwenyewe alikuwa analalamika kwamba akikaa kitandani anapepewa magoti peke yake. Kwa hiyo "futi nne" ya tangazo isikuridhishe. Washa feni, pitisha kiganja mbele ya wavu polepole kutoka chini hadi juu, ujue upepo unaanzia wapi na unaishia wapi.

Cha tatu ndicho kilichonifanya niandike. Mama mmoja wa Mikindani aliniletea mnara mweupe, mzuri kwa macho, akasema unatoa upepo mchache, chumba kinazidi kuwaka na tokeni zinakwisha haraka. Nilipotoa kifuniko cha nyuma nikakuta kifeni kidogo, na mbele yake vipande vya kauri vya kupasha joto. Ile ni hita. Imeundwa kwa nchi za baridi kali, na swichi yake ina hatua tatu: upepo mtupu, joto la nusu, joto kamili. Alama za joto zilikuwa zimekwanguliwa, pakabandikwa stika ya rangi ya samawati yenye picha ya theluji. Chini kabisa, chini ya miguu ya mpira, bamba la kiwandani lilikuwa limesahauliwa: 240V, 2000W. Feni ya mnara ya kawaida hula wati 40 hadi 60, na zile za mota ya DC hula pungufu ya hapo. Hita hiyo ikiwa kwenye joto kamili inamaliza uniti 2 za stima kwa saa moja. Feni ya wati 50 ingepuliza saa 40 kwa uniti hizo hizo. Na hilo la tokeni ni dogo. Mnara huo ulikuwa umechomekwa kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji, chumbani mwa mtoto mchanga, pazia likiugusa. Waya wa ekstensheni tayari ulikuwa umelegea na kunuka.

Kama unacho kitu cha aina hii nyumbani, kipindue sasa hivi usome bamba. Wati zikiandikwa 1000, 1500 au 2000, ichomoe, na usimwachie mtoto swichi ile.

Kuna na hili la maji. Tangazo jingine la watu hao hao linasema feni yao ina tangi la maji na barafu, hivyo ni "AC bila bomba". Mashine ya kupuliza upepo juu ya maji ipo kweli na inafanya kazi, lakini inafanya kazi mahali pakavu, kama Garissa au Lodwar, ambako maji yanageuka mvuke upesi na kuondoka na joto. Mombasa hewa imeshashiba unyevu kutoka baharini. Nguo ulizoanika usiku zinaamka na majimaji. Maji ya tangi yatakaukia wapi? Utakachopata ni chumba kilichozidi fukuto, na baada ya muda ukungu nyuma ya kabati na kwenye godoro. Kuhusu barafu, fanyeni hesabu: kilo moja ikiyeyuka yote inavuta joto ambalo AC ndogo ya BTU 9,000 huliondoa kwa kama dakika mbili. Halafu unabaki na maji ya uvuguvugu. AC ya kweli lazima itupe joto nje ya nyumba, kwa hiyo hata ile ya kusukumwa kwa magurudumu ina bomba nene la kupitisha dirishani, na ni nzito, kilo ishirini na zaidi. Kitu kilicholetwa na bodaboda kwa mkono mmoja si AC.

Sipingi feni ya mnara yenyewe. Ni kitu kizuri mahali pake. Feni haipozi hewa, inakausha jasho mwilini, na ukitoka chumbani inampulizia nani? Kwa hiyo chumba chako na mahali unapolala ndivyo vinavyoamua. Chumba cha kulala cha futi 10 kwa 10, kitanda kimoja, watoto wanaotambaa: hapo mnara unafaa sana, kwa sababu mapanga yamefichwa ndani, hauchukui nafasi, na ukiwa wa maana hausumbui usingizi. Uweke upande wa miguu au ubavuni mwa kitanda, na nyuma yake uache nafasi ya rula moja hivi kutoka ukutani, maana hewa inaingilia nyuma. Nawaona watu wanaubana kwenye kona nyuma ya pazia, kisha wanasema hauna nguvu.

Sebule ya watu wanane jioni ni habari nyingine. Pale feni ya dari ya inchi 56 inashinda mnara wowote, na hata feni ya kawaida ya kusimama yenye mapanga makubwa inasukuma hewa zaidi kwa bei ndogo. Ila dari ikiwa chini, kama vyumba vingi vya kupanga vya Kisauni na Likoni, usitundike mapanga juu ya vichwa vya watu. Hapo ya kusimama au mnara ndio usalama. Na chumba cha bati bila dari, mchana wa saa nane, feni ya aina yoyote inazungusha lile lile joto la bati. Pesa ya mnara wa bei ghali ingeanza kwenye siling'i na dirisha la pili.

Ukienda kununua, nenda mwenyewe, dukani, na uombe ichomekwe. Iache izunguke kwa kasi ya juu kabisa dakika kumi huku mnaongea bei. Simama hatua tatu nne kutoka hapo, umbali wa kitanda chako, usikie kama upepo unakufikia. Igeuke kulia na kushoto bila kukwama wala kutoa mlio. Shika juu yake: ikitetemeka mkononi, pipa limepinda au bushi ya juu, ile inayoshika ncha ya pipa, ni mbovu, na usiku itakuimbia. Nusa. Mota mpya ina harufu kidogo ya rangi, lakini harufu ya plastiki inayoungua ni ya kuirudisha pale pale. Tazama mgongo kama una skrubu. Chumvi ya bahari na vumbi vinaingia ndani ya pipa, na mnara usiofunguka kwa kusafishwa, baada ya msimu mmoja unapuliza nusu.

Kisha bamba. Stima yetu ni volti 240, mizunguko 50, kwa hiyo unataka kuona 220-240V na 50Hz. Kuna feni za mitumba zinazoteremka na makontena, nyingine nzuri kweli, lakini za Marekani ni za volti 120 na za Japani volti 100. Wauzaji wanakata plagi na kufunga ya pini tatu, ukiichomeka mota inaungua dakika hizo hizo na unaambiwa stima ya kwenu ndiyo mbovu. Plagi yenyewe pia ina la kusema: pini mbili za chini za plagi ya kufuata kiwango zimevikwa plastiki kwenye shina, na ndani mna fyuzi. Nimefungua plagi za hawa matapeli nikakuta waya wa sindano mahali pa fyuzi. Ikiwa kuna alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, andika SM# ukifuatisha namba ya kibali iliyo chini ya alama, utume kwa 20023, usome jibu ukiwa bado dukani.

Lipia kwa till ya duka, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla pesa hazijaondoka. Risiti iandikwe kitu chenyewe, wati zake na muda wa waranti. Karatasi iliyoandikwa "vifaa" tu haitakusaidia ukirudi. Haki hii si hisani ya muuzaji. Iko kwenye Katiba, kifungu cha 46, na kwenye Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012.

Kwa aliyekwisha kulipa: dakika za mwanzo ndizo zenye maana. Ujumbe wa M-Pesa uutume kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, kabla hazijatolewa, maana zikishatolewa hakuna cha kurudisha. Namba ya tapeli iripoti Safaricom kupitia 333. Usifute mazungumzo hata kwa hasira. Piga picha kila ukurasa, na boksi usilitupe. Nenda kituo cha polisi upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Watu wanaona aibu kwenda kwa ajili ya elfu nne au tano, lakini wakiripoti watu kadhaa juu ya namba moja ya simu, hiyo inakuwa kesi. Na kama muuzaji ana duka linalojulikana na anakataa kurudisha, mahakama ya madai madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili.

Aliye katikati ya mazungumzo na muuzaji hivi sasa amwombe kitu kimoja tu: picha ya bamba la chini ya feni, na karatasi yenye tarehe ya leo iwekwe kando yake. Akiituma, nitumieni mimi, nitaisoma na kukwambia ni nini unachouziwa. Sitozi kitu kwa hilo.